Dhambi Ilitoka Wapi, na Namna ya Kuishinda: Mwongozo Kamili kwa Mkristo wa Kawaida

Soma mabango ya mikutano ya injili kuanzia stendi ya Moshi hadi Kilombero kule Arusha, utakuta ahadi ileile: kufunguliwa. Kufunguliwa na laana za ukoo, na madhabahu za mababu, na roho ya kukataliwa. Sina ugomvi na maombi. Ninachoona ni kwamba watu wengi hurudi nyumbani wakiwa na jina la adui wa nje, huku hawajaulizwa hata swali moja juu ya kile wanachokitamani wao wenyewe. Baada ya muda wako palepale, na mkutano mwingine umeshatangazwa.

Mwongozo huu unaanzia kwingine. Kwanza chimbuko la dhambi kwa mujibu wa Biblia, kwa sababu ukikosea hapo, hatua zote za baadaye ni kupiga hewa. Kisha hatua zenyewe. Mimi ni Mlutheri wa Moshi na itaonekana, ila nimeandika ili Mkatoliki wa Kibosho na Mpentekoste wa Ngaramtoni nao wapate cha kuondoka nacho.

Kilichotokea bustanini

Tufute kwanza mambo mawili. Biblia haisemi tunda lilikuwa epo. Wala haisemi, kama wengi walivyosikia vijiweni, kwamba "tunda" ni tendo la ndoa. "Zaeni, mkaongezeke" imeandikwa Mwanzo 1:28, kabla nyoka hajafungua mdomo. Anayeamini dhambi ya kwanza ilikuwa ya kitandani huishia kudhani dhambi kubwa zote ni za kitandani, na wizi, uongo na kiburi anaviona vijidhambi. Makanisa yetu yameumizwa sana na fikra hiyo, na nitairudia mbele.

Maandiko yenyewe, Mwanzo sura ya pili na ya tatu, yanasema hivi. Mungu ameruhusu miti ya bustani, akakataza mmoja. Nyoka anaanza na swali: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Katazo la mti mmoja limegeuzwa kuwa la miti yote, ili Mungu aonekane mchoyo. Mwanamke anamsahihisha, lakini naye anaongeza katazo la kugusa, ambalo halimo kwenye agizo la 2:17. Kisha macho yanaanza kazi: mti wafaa kwa chakula, wapendeza macho, ni wa kutamanika kwa maarifa. Ndipo anatwaa, anakula, anampa na mumewe. Shuku juu ya wema wa Mungu, halafu kutazama, halafu tamaa, halafu mkono. Mkono ulikuja mwisho.

Wakaenda kujificha. Mungu anauliza, "Uko wapi?" Adamu anajibu, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Kwa pumzi moja amemshitaki mke wake pamoja na Mungu aliyempa mke huyo. Mwanamke naye anamsukumia nyoka. Sasa, nyoka alikuwepo kweli, alidanganya kweli, na Mungu anamlaani kweli. Hata hivyo wale wawili hawaachiwi huru kwa sababu nyoka yupo. Mtu anayesema "shetani alinipitia" anasema nusu ya sura ya tatu na kuacha nusu inayomhusu.

Na shetani alitoka wapi? Wahubiri hunukuu Isaya 14 na Ezekieli 28. Sura hizo kwa maneno yake zinasema na mfalme wa Babeli na mfalme wa Tiro. Wakristo tangu zamani wameziona kama kivuli cha malaika aliyeanguka kwa kiburi. Usijenge nyumba nzima hapo. Kinachotosha ni Yakobo 1:13: Mungu hamjaribu mtu. Dhambi haikutoka kwake.

Je, tunazaliwa nayo?

Mama yeyote aliyelea anajua hakuna anayemfundisha mtoto kusema "siyo mimi". Paulo anaeleza katika Warumi 5:12: kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti, ikawafikia watu wote. Jambo hilo liligombaniwa huku Afrika, upande wa kaskazini. Pelagius, mwalimu wa Kikristo wa enzi hizo, alifundisha kwamba kila mtu huzaliwa safi kama Adamu alivyokuwa, na akitaka anaweza kutii kwa nguvu zake. Adamu alituachia mfano mbaya tu. Augustino, askofu wa Hippo (354–430), akampinga: mapenzi yetu yenyewe yamepinda, hatuwezi kujinyoosha bila neema. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagius.

Baadaye Ungamo la Augsburg (1530), tamko la imani la Walutheri, likasema tunazaliwa bila kumcha Mungu, bila kumtumaini, na tukiwa na tamaa mbaya, na kwamba hali hiyo ni dhambi kweli. Mtaguso wa Trento (1546) wa Kanisa Katoliki ukasema ubatizo huondoa dhambi ya asili, na tamaa inayobaki si dhambi kwa maana kamili bali huelekeza huko. Wataalamu wanaweza kubishana hapo mpaka jua lizame. Kwako na kwangu cha kushika ni kile wanachokubaliana: baada ya ubatizo, tamaa bado ipo. Usijione umebatizwa vibaya kwa sababu bado unavutwa.

Vipi laana za ukoo? Kutoka 20:5 inasema Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne cha "wanichukiao". Lakini enzi za Ezekieli watu walikuwa na msemo: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu akaupiga marufuku. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mimi nazisoma pamoja hivi: aliyelelewa na baba mlevi anarithi mazoea, pengine madeni, na majeraha ya kweli. Hatia ya baba hairithiwi. Kwa hiyo ombea majeraha ya ukoo, lakini konyagi uliyokunywa jana ni yako.

Inavyokua ndani ya mtu

Huu ndio moyo wa mwongozo wote, nitakaa hapa kidogo. Yakobo 1:14-15: kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, akivutwa na kudanganywa, tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi, dhambi ikikomaa huzaa mauti.

Chukua mhazini wa kikoba, tuseme hapa Majengo. Zamani hela za kikundi zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, na sanduku likifunguliwa mbele ya wanachama wote. Siku hizi hela ziko kwenye simu ya mhazini, na namba ya siri anayo yeye. Jumatatu shule inadai ada. Anaingia kuangalia salio la kikundi, anaangalia tu. Jumatano anaangalia tena. Alhamisi anajisemea, "Hawa watu hawanipi hata nauli, kazi yote nafanya mimi." Ijumaa: "Nitarudisha kabla ya mgao, hakuna atakayeumia." Jumamosi usiku, watoto wamelala, anajitumia laki tatu.

Watu watasema alianguka Jumamosi. Yakobo angesema mimba ilitungwa Alhamisi, malalamiko yalipogeuka kuwa haki. Na ukitazama vizuri, Alhamisi ni Mwanzo 3:1 ileile: nimenyimwa, ninaonewa, aliyeweka sharti hanitakii mema. Wenye zile kufuli tatu walielewa sura hiyo kuliko wengi wetu. Hawakusubiri apatikane mhazini mtakatifu.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kujaribiwa si dhambi. Yesu "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi" (Waebrania 4:15). Salio lilipopita machoni Jumatatu hakukuwa na kosa. Pili, anayesubiri kupigana Jumamosi usiku amechelewa siku mbili.

Kabla ya hatua, nguvu

Bila sehemu hii, hatua zifuatazo zinakuwa mafundisho ya Pelagius kwa Kiswahili. Paulo analia katika Warumi 7: lile jema alipendalo halitendi. Hamalizi kwa kujiwekea malengo mapya, anamalizia kwa kumshukuru Mungu kwa Yesu Kristo. Na 6:14 inasema dhambi haitawatawala ninyi, *kwa sababu* hamko chini ya sheria bali chini ya neema. Mkristo anasamehewa kwanza kwa ajili ya Kristo, ndipo anapambana akiwa mtoto wa nyumbani. Anayepambana ili asamehewe atachoka kabla ya Pasaka. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ile ya kukaririshwa kipaimara, inasema Adamu wa kale, yaani asili yetu ya dhambi, azamishwe *kila siku* kwa majuto na toba. Kila siku, maana yake hakuna mkutano wa wiki moja utakaokumalizia kazi hiyo.

Hatua ya 1: Itaje kwa jina lake

Chukua karatasi, kaa peke yako. Usiandike "nisamehe mapungufu yangu". Andika: "Nimechukua laki tatu za kikundi." "Nina mwanamke kule Sakina na mke wangu hajui." "Nimemsema vibaya wifi yangu mpaka ndoa yake imetikisika." Sisi ni hodari wa majina laini: kuteleza, kupitiwa, mchepuko, kujiongeza. Daudi katika Zaburi 51 hatumii hata moja. Ukimaliza na hatua ya 2, choma karatasi.

Hatua ya 2: Rudi nyuma mpaka kwenye tamaa

Chini ya kila tendo uliza: siku moja kabla nilikuwa nikijisemea nini? Siku tatu kabla? 1 Yohana 2:16 inakupa mafungu matatu ya kuanzia: tamaa ya mwili, tamaa ya macho, kiburi cha uzima. Yule mhazini atakuta mizizi yake haikuwa ada. Ilikuwa kinyongo cha kutothaminiwa. Kijana anayebeti kila wikiendi atakuta pengine si hela anayoitafuta, maana mkeka ukikubali hela yote inarudi kwenye mkeka mwingine. Anatafuta kutoka kwa mkupuo mmoja kwenye maisha anayoyaonea aibu. Wakatoliki wana msaada mzuri hapa katika orodha ya vilema vikuu saba: kiburi, uchoyo, uzinzi, wivu, ulafi, hasira, uvivu. Hivyo ni mashina. Dhambi unayoungama kila mwezi mara nyingi ni tawi tu.

Hatua ya 3: Ungama kwa Mungu, kisha kwa mtu

1 Yohana 1:9 kwa Mungu. Yakobo 5:16 kwa mtu. Mkatoliki aende kitubio. Mlutheri naye ana haki ya maungamo ya faragha kwa mchungaji, ingawa wengi hawajui. Mpentekoste atafute mzee wa kanisa anayenyamaza. Kigezo ni hicho: anayenyamaza. Ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki ulifundisha watu kutembea nuruni na kuungama mbele ya ndugu. Uliponya wengi. Lakini kuungama mbele ya kundi zima mambo yanayomchafua mwingine si nuru, ni umbea uliobarikiwa.

Na hapa narudi kwenye lile la kitandani. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa anatengwa, kisha anasimamishwa mbele ya usharika ili arudi kundini. Sipingi nidhamu ya kanisa. Ninauliza ni lini mara ya mwisho kusimamishwa aliyekula hela za ujenzi, au aliyemnyima mjane wa kaka yake kihamba, yaani shamba la ukoo. Hao tunawapa kiti cha mbele na kuwaomba wafungue mnada wa mavuno.

Hatua ya 4: Rudisha

Hatua hii ndiyo watu wanaikimbia kuliko zote. Walawi 6 inataka mwizi arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Kwa mhazini wetu hiyo ni 300,000 na 60,000 juu yake, jumla 360,000. Zakayo alijipandishia mwenyewe hadi mara nne. Kama huna hela, sema ukweli kwa kikundi, andikeni mpango wa malipo, na ukabidhi uhazini. Usikope mikopo ya kausha damu ili kuficha. Utakuwa umeongeza mlango mwingine wa kuangukia.

Uchagani tunajua jambo hili kwa njia yetu. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Sasa isale hiyohiyo ndiyo inayopandwa mpakani mwa vihamba. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha ndugu wawili, mmoja amesogeza mpaka, analeta isale kwa unyenyekevu, wazee wanaitikia vizuri, mbege inazunguka. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Na zile za mpakani umezirudisha?" Pakawa kimya. Kumbukumbu la Torati 27:17 inamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake. Omba msamaha, na kesho asubuhi beba jembe.

Angalizo kwa aliyekosewa: kusamehe hakukulazimishi kurudi kwenye kipigo. Mume anayepiga na kuomba msamaha kila Jumapili bado ana kesi, na dawati la jinsia la polisi lipo kwa ajili hiyo. Mchungaji au mama mkwe anayekuambia uvumilie tu hajasoma hatua ya nne.

Hatua ya 5: Funga mlango mapema

Yusufu hakubaki kujadiliana na mke wa Potifa. Aliacha vazi mkononi mwake akatoka mbio. 1 Wakorintho 10:13 inaahidi mlango wa kutokea, na mara nyingi mlango huo uko kwenye siku ya Alhamisi, kwa hiyo weka zuio lako huko. Hela za kikundi ziende kwenye akaunti ya kutia saini watu zaidi ya mmoja. Programu ya kubeti ifutwe, na laini ya simu inayotumika kwa biashara ikae na mke jioni. Dereva wa bodaboda anayejua kwamba akipaki karibu na baa fulani atamaliza hesabu ya tajiri, ahamie kijiwe kingine hata kama abiria ni wachache. Watakuambia huna imani. Yesu alisema jicho likikukosesha ling'oe. Kuhama kijiwe ni nafuu.

Kwenye fikra, jifunze jibu moja tu la maandiko kwa tamaa yako, si sura nzima. Jangwani Yesu alijibu mara tatu, kila mara "Imeandikwa", na kila andiko lililenga jaribu lenyewe. Mwenye kinyongo achukue andiko la kinyongo.

Hatua ya 6: Jaza nafasi

Mathayo 12 ina ile habari ya pepo aliyerudi akakuta nyumba tupu, imefagiwa, akaingia na wenzake saba. Waefeso 4:28 haimwambii mwizi aache tu. Afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Jumamosi jioni iliyokuwa ya mkeka isibaki wazi. Kwaya, mpira, kumsaidia mtoto hesabu, kwenda kumwona mgonjwa hospitali ya Mawenzi: chagua kimoja ambacho watu watakuulizia usipokuja.

Hatua ya 7: Ukianguka tena

Utaanguka, pengine kwenye jambo lilelile. Petro na Yuda walianguka usiku mmoja na wote walijuta. Mmoja alirudi kwa Bwana, mwingine akaenda peke yake. Paulo anatofautisha huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba, na huzuni ya dunia iletayo mauti (2 Wakorintho 7:10). Kwa hiyo usijiadhibu kwa kukosa ibada. Rudi hatua ya 1 siku hiyohiyo, na umwambie yule mtu wa hatua ya 3 kabla hajasikia kwingine.

Kwa mlevi wa kila siku kuna neno la pekee. Ukiwa umekunywa sana kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako chumbani ukiwa umefunga na kuomba. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege, na watu hufa hivyo. Wengine wakiona hali hiyo huita watu wa kukemea pepo, na muda unapotea. Nenda hospitali kwanza, mwambie daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hata glasi, na mtu wa kanisani akusindikize, akae nawe, na kuomba akiwa pale wodini.